Wazee Wetu na Mapigo ya Ngoma



Kila kambi ina wazee wake. Ni wale waliochuma chai au kukata miwa kwa miaka mingi, na leo miguu haiwatii. Mzee akianguka watu husema, "Ni uzee tu." Kumbe nyonga imevunjika, na mtoto mmoja anaacha kibarua ili amhudumie. Hasara hiyo hailipwi na tajiri wala serikali. Inakatwa katika mishahara yetu.

Kutembea si kazi ya miguu peke yake. Mwaka 1997 wataalamu wa Sweden walitoa habari za wazee 58 wa nyumba za kutunzia wazee. Walitembea nao huku wakizungumza nao. Wazee 12 walisimama walipotaka kujibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Yaani kichwa kikishindwa kushika mambo mawili pamoja, mguu unabaki bila msimamizi. Na kambini kwetu nani anatembea bila jambo la pili? Bibi amebeba ndoo, anamwita mjukuu, anakwepa mtaro, yote kwa mara moja.

Huko Geneva, Uswisi, alikuwako mwalimu wa muziki, Émile Jaques-Dalcroze, aliyefariki mwaka 1950. Aliona wanafunzi wake wanapiga muziki kwa vidole lakini mapigo hawayasikii mwilini. Akawainua vitini, wakatembea wakifuata piano. Mafunzo hayo hayakuanzishwa kwa ajili ya wazee. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulieleza habari za watu 134 wa mji huo, wenye umri wa zaidi ya miaka 65, ambao walikuwa katika hatari ya kuanguka. Kundi moja lilifunzwa saa moja kila juma kwa miezi sita, la pili likangoja zamu yake. Waliofunzwa walianguka chini ya nusu ya mara walizoanguka wenzao, na hatua zao zikawa sawasawa zaidi. Kundi la pili lilipopata zamu, nalo likafaidika.

Hii si dansi ya kujifurahisha tu. Mpiga piano hubadilisha: haraka, polepole, kimya. Mzee lazima asikilize, akumbuke agizo, auzuie mguu uliokwisha kuinuka, ageuke, pengine ampe mwenzake kitu. Akizoea, agizo linageuzwa, maana lililozoeleka halimfunzi tena.

Piano hatuna. Kwa maoni yetu ngoma moja au debe vitatosha, na sisi tuliolima kwa nyimbo tangu utoto hatuna haja ya kufundishwa mapigo na mtu wa Ulaya. Ngoma ikilia, watembee, ikinyamaza, wasimame, pigo mbili, wageuke. Baada ya majuma machache pigo mbili ziwe na maana nyingine. Viti viwe karibu, ndara zinazoteleza ziachwe mlangoni, na vijana wawili wenye nguvu wasimame kando. Mwenye kizunguzungu au maumivu ya kifua aende zahanati kwanza.

Mashamba mengi yana ukumbi unaofungwa siku za kazi. Viongozi wa matawi wamwandikie meneja kuomba saa moja kwa juma, lakini kwanza wawaulize wazee wenyewe ni saa ipi inayowafaa.