Shule ni ya Nani? Uongozi wa Elimu na Madaraka ya Wananchi

Tunapozungumzia uongozi wa elimu, makada wengi humfikiria kwanza mwalimu mkuu, ofisa elimu na Wizara. Mzazi hutajwa mwishoni, na hutajwa kama mchangiaji: alete matofali, alete mchanga, atoe siku mbili za kujitolea. Akishafanya hivyo tunaandika katika taarifa zetu kwamba wananchi wameshirikishwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huko siyo kushirikishwa bali ni kutumwa, na kwamba tofauti ya mambo hayo mawili ni suala la itikadi.

Maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotolewa Machi 1967, hukumbukwa zaidi kwa sababu ya jembe. Lakini ndani yake limo jambo la pili, nalo ni kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua kazi za shule na matumizi ya mapato yake. Jembe tulilichukua, uamuzi tukauacha. Katika shule nyingi kulima kukawa adhabu ya mtoto aliyechelewa, kisha tukashangaa kwa nini vijana wanadharau kilimo.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbali zaidi. Ulilaani viongozi wenye majivuno, ukadai wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mipango ya maendeleo yao. Hayo ni mambo matatu. Sisi tumezoea kuwaita wananchi katika la tatu tu.

Hapana budi tujikosoe, maana Chama nacho kina sehemu yake katika kosa hili. Azimio la Musoma la 1974 lilisogeza mbele lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977. Vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu zao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu. Kazi ile ilikuwa kubwa na hatuna sababu ya kuionea haya. Lakini haraka ilizaa amri. Halmashauri za wilaya zilikwisha kuondolewa mwaka 1972, na sheria ya vijiji ya 1975 ikamfanya mwenyekiti wa tawi la Chama kuwa ndiye mwenyekiti wa kijiji. Mwanakijiji aliyekuwa na lalamiko juu ya shule alilipeleka Serikalini kwa mtu fulani, na akitaka kulipeleka kwenye Chama alimkuta mtu yule yule, kabadili kofia tu. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982 na zikaanza kazi 1984, lakini mazoea hayafutwi kwa sheria.

Tulihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi ya kijijini. Ajenda ilikuwa kumalizia boma la madarasa mawili lililokuwa halijafika kwenye linta. Mwenyekiti alitaja idadi ya matofali kwa kila kaya. Mzee mmoja akasimama, akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, mahindi ya shamba la shule ya mwaka jana yaliuzwa shilingi ngapi?" Akajibiwa kwamba swali hilo halimo katika ajenda. Mzee akakaa. Hakuna aliyebisha, azimio likapita, na muhtasari ukaandikwa vizuri sana. Msimu ulipokwisha, matofali yaliyoletwa hayakutosha ukuta mmoja. Taarifa iliyopelekwa wilayani ilisema kijiji kile kina mwamko mdogo. Sisi tuliokuwapo tunasema walielewa vizuri mno.

Wapo watakaosema kwamba kamati za shule zimekwisha maliza tatizo hili. Ni kweli kwamba Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006 uliziwezesha kamati kufungua akaunti na kusimamia fedha za ruzuku. Lakini tuangalie mambo yanavyokwenda. Katibu wa kamati ni mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayeandika muhtasari, anayepokea nyaraka na anayejua fedha zimeingia lini. Mwenyekiti ni mzazi, naye mara nyingi huletewa karatasi atie sahihi njiani akitoka shamba. Asiyepewa habari hana madaraka, hata akipewa cheo.

Tena "wananchi" siyo mtu mmoja. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi wakati wa palizi, atakuja mwenye duka na mstaafu. Mama anayejua kwa nini mtoto wake huondoka nyumbani bila uji yuko shambani, na uamuzi juu ya chakula cha mchana shuleni utapitishwa bila yeye.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima. Kwa wanyonge hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo umezuka upotoshaji wa aina mbili: mzazi anadhani kwa kuwa hatoi fedha basi shule ni ya Serikali, haimhusu, na mwalimu mkuu anaogopa kuitisha mkutano asije akasemwa kwamba anachangisha. Waraka uliondoa michango. Haukuondoa haki ya kuuliza, na fedha inayotoka Hazina ni kodi ya mzazi yule yule.

Katika shule tuliyoitaja, mwaka uliofuata katibu wa tawi alimshauri mwalimu mkuu asome hesabu zote mbele ya wazazi, akakaa kando asiendeshe mkutano. Ulichukua muda wa saa tatu na maneno makali yalisemwa. Ikabainika kwamba magunia manne yaliliwa na walimu katika miezi ambayo mishahara ilichelewa. Wazazi walikasirika. Halafu yule mzee akauliza kwa nini hawakuambiwa, maana wangewapa. Wakaamua magunia matatu yatengwe kila mavuno kwa ajili ya walimu, na yaandikwe, na hesabu zisomwe kila muhula. Matofali yaliletwa na boma likafika kwenye linta. Hadi tunapoandika, mabati kutoka halmashauri hayajafika, na wazazi wamemtuma mwenyekiti wao akaulize.