Ghala Namba 12

Ilipokaribia saa kumi na mbili ya jioni, tarehe 4 Agosti 2020, kikosi cha zimamoto cha Beirut kiliitwa bandarini kuzima moto uliozuka katika Ghala Namba 12, na watu kumi waliotumwa, mmoja wao bibi wa huduma ya kwanza, wakafika, wakakuta mlango umefungwa, wakashika kuuvunja, pasi na mtu yeyote kuwaarifu kwamba nyuma ya mlango ule zilikuwamo tani 2,750 za amonia nitrati, chumvi ya mbolea ambayo ikipatwa na moto yaweza kulipuka mfano wa baruti. Haukupita muda, wote kumi wakafa, na pamoja nao zaidi ya watu 200.

Asije mtu akadhani kuwa khabari ile ilikuwa siri. Tangu shehena iliposhushwa mwaka 2014, maafisa wa forodha waliiandikia mahakama barua si moja wala mbili. Na wiki mbili kabla ya maafa, rais na waziri mkuu walikwisha pelekewa taarifa yake. Waliokosa kuijua ni wale tu ambao uhai wao uliitegemea, na kwa rai yangu taksiri hii yapita ile ya kuiacha shehena ghalani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 huko Bhopal, Bara Hindi, gesi ya metili isosayaneti ilipovuja katika kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide na kuua maelfu, waganga walipokea wagonjwa waliounguzwa macho na mapafu ilhali hawajui ni sumu gani wanayoitibu. Kutokana na msiba huo Marekani ilitunga sheria mwaka 1986, ikavilazimisha viwanda kuwaarifu zimamoto na kamati za mahali aina na kadiri ya kemikali vinazoweka, na raia yeyote akapewa haki ya kuuliza. Sheria njema, walakini tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, Texas, ghala la mbolea ile ile lililipuka likaua watu 15, wengi wao wazima moto, ingawa fomu zilikuwa zimekwisha jazwa. Fomu iliyolala kabatini haimwokoi mtu.

Nasi tusijione tu mbali, maana bandari ya Dar es Salaam hupitisha kemikali za migodi ya kwetu, ya Zambia na ya Kongo. Gari lichukualo kemikali, likifuata kanuni, hubandikwa namba ya tarakimu nne iliyowekwa na Umoja wa Mataifa: petroli ni 1203, klorini 1017, sianidi ya sodiamu 1689. Mwenye kuijua namba huijua na dawa ya moto wake.

Basi, msomaji, ukikuta lori limepinduka, usilikaribie hata kwa tamaa ya kuchota. Simama mbali, upande utokako upepo, na namba ile ukiweza kuiona, wapigie zimamoto, ambao simu yao Tanzania ni 114, uwasomee kabla hawajaondoka kituoni.