Fahamu: Nusu senti ya Los Angeles kwa wasio na makazi

Tangu Aprili 1, 2025, anayenunua bidhaa za dola 100 zinazotozwa kodi katika Kaunti ya Los Angeles, Marekani, huchangia senti 50 kwa huduma za wasio na makazi. Wapiga kura waliipitisha kodi hiyo, Measure A, Novemba 2024. Iliyotangulia, ya 2017, ilikuwa robo senti kwa dola, tena ya miaka 10 tu. Hii haina kikomo hadi wapiga kura waifute.

Fedha hulipia malazi ya muda, tiba ya akili, nyumba za bei nafuu, na msaada kwa wapangaji wanaokaribia kufukuzwa. Hilo la mwisho ndilo lenye tija zaidi, naona mimi. Udhaifu upo: biashara ikidorora, makusanyo hushuka, na ndipo wahitaji huongezeka.