"Tumeshuka": Kipigo cha Kagera Sugar kinapoingia sebuleni

Msikilize shabiki anavyosimulia mechi. Timu yake ikishinda atasema "tumewafunga". Ikipigwa, hao hao wachezaji wanageuka kuwa watu baki: "wamefungwa tena, hawajielewi."

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo. Waliufanya katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mpira wa Kimarekani wa wanafunzi hujaza viwanja kama ligi kubwa. Waliona kwamba Jumatatu baada ya ushindi wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Walipopigiwa simu kuulizwa matokeo, ushindi waliuita wa "sisi" na kipigo wakawaachia "wao".

Huku kwetu Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, pamoja na KenGold ya Mbeya, neno nililolisikia zaidi kuanzia stendi ya Bukoba hadi vijiwe vya kahawa vya Muleba ni moja: tumeshuka. Bado walijihesabu ndani ya timu, hata ikiwa ya pili kutoka mkiani. Ndiyo maana maumivu yao yamefika hadi nyumbani, na ndiyo maana ukurasa huu wa familia unazungumzia mpira.

Wanankurukumbi, kama mashabiki wanavyoiita, wamewazoesha watu wao presha. Mei 19, 2018 Simba ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi, kombe lipo tayari Uwanja wa Taifa na Rais John Magufuli amekuja kulikabidhi. Kagera Sugar ikashinda 1-0. Msimu uliofuata, wa 2018/19, iliwafunga mabingwa hao mara mbili, nyumbani na ugenini, halafu timu hiyo hiyo ikajikuta kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ikipigania kubaki Ligi Kuu. Ikapona. Mtu aliyelelewa na timu ya namna hiyo hujifunza kuamini kwamba hata safari hii tutapona tu, na pengine hapo ndipo msimu wa 2024/25 ulipouma zaidi. Watu walisubiri muujiza hadi mechi za mwisho.

Tena Kaitaba ni zaidi ya uwanja wa mpira. Baada ya tetemeko la Septemba 2016, hapo ndipo wakazi walipokusanyika kuwaaga waliokufa. Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba, miili ya watu 19 iliagwa kwenye uwanja huo huo. Watoto wengi wa mkoa huu wameingia Kaitaba wakiwa mabegani mwa baba zao, kwa furaha au kwa msiba. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba "ni mpira tu", hujamwelewa.

Kuna kero nyingine ambayo wenyeji huizungumza wakicheka, ila haichekeshi. Siku Yanga au Simba inapokuja Bukoba, sehemu kubwa ya jukwaa huvaa rangi za mgeni. Wengi wetu tuna timu mbili, moja ya mkoa na moja ya Kariakoo, na zikikutana tunajua moyo unaelekea wapi. Binafsi naona aliyeshangilia bao la mgeni Kaitaba angepunguza kidogo lawama zake kwa kipa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Mwili wa shabiki hautofautishi sana kati ya hatari ya kweli na penalti ya dakika ya 88. Homoni za msongo, kama adrenalini na kotisoli, hupanda, moyo hukimbia, mishipa ya damu hujikaza. Kwa kijana mwenye afya hali hiyo hupita. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo inaweza isipite. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari walihesabu wagonjwa wa dharura ya moyo katika eneo la Munich. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na kwa wanaume zaidi ya mara tatu. Nyingi zilitokea ndani ya saa mbili tangu mechi ianze. Karibu nusu ya waliougua siku hizo walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo unaojulikana.

Kwa hiyo kama mzee wako anatumia dawa za presha, hakikisha amemeza dozi yake kabla hajaenda banda la video, na asiikatishe kwa sababu amepanga kunywa bia. Maumivu ya kifua, jasho la baridi au kukosa pumzi visisubiri filimbi ya mwisho. Apelekwe hospitali hapo hapo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema mezani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichunguza taarifa za polisi wa Lancashire, Uingereza, wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku England ilipofungwa na kutolewa, taarifa za ukatili wa majumbani zilikuwa juu kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare ziliongezeka pia, kwa asilimia 26. Soma tena takwimu ya pili. Hata ushindi haukuzilinda nyumba zote, kwa sababu mpira huwa unaandamana na pombe na kundi la wanaume waliopandisha hasira. Hakuna refa aliyewahi kumtuma mtu akampige mkewe.

Kwetu ongeza mkeka. Timu ikifungwa, wengine wanapoteza na fedha, na mara nyingi ni fedha iliyokuwa na kazi nyingine: daftari, sabuni, nauli ya kliniki. Mama anayeuliza "ile hela iko wapi" anajibiwa na mtu ambaye tayari amepigwa mara mbili jioni hiyo. Watoto wamelala chumba cha pili, ukuta ni mwembamba, na wanasikia. Kama mambo yanafika kwenye vipigo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Jirani pia anaweza kuipiga.

Na mtoto mwenyewe je? Huyu wa miaka tisa au kumi ambaye kesho yake anaingia darasani na wenzake wa Simba na Yanga wanamsubiri mlangoni na utani? Wazazi wengi hukimbilia kumwambia aachane nao, au ahamie timu inayoshinda. Kwake, huzuni hiyo ni ya kweli, na huenda ni mara yake ya kwanza kupenda kitu kisichomtii. Mwache aseme. Muulize ni bao gani lilimuuma. Mtoto aliyezoea kusikilizwa kuhusu mpira atakuja pia siku atakapofeli hesabu au kuonewa njiani.

Lakini ukibaki siku mbili umenuna, huli, hujibu salamu, yeye anakusoma. Anajifunza kwamba mwanaume akishindwa, nyumba nzima inyamaze. Mashabiki wengine wamejiwekea desturi ya kuzunguka kwanza baada ya kipigo, wanatembea hadi ziwani au wanapitia shambani, ndipo waingie ndani. Ni njia nzuri. Mwendo wa nusu saa hushusha msongo kuliko chupa, na hauna deni.

Utani nao una mpaka wake. Kumwita mtoto "Championship" siku nzima kunaweza kuwa mzaha. Kumwita hivyo wiki tatu, mbele ya wageni, ni kumwonea, hata kama anayefanya hivyo ni mjomba.

Mtoto akikuuliza kama anaruhusiwa kushangilia na Simba au Yanga msimu huu, mruhusu, maana na wewe ulifanya hivyo. Ila mchukue siku moja akaone daraja la chini linavyochezwa, jukwaani kukiwa na nafasi na sauti za wachezaji zikisikika hadi juu. Kwa wanaotoka Kamachumu, Muhutwe au Muleba mjini, mechi inayoanza saa kumi huisha karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo ulizieni mapema gari la mwisho la kurudi, na mbebeeni mtoto sweta.