Kabla ya Kufunga Tovuti, Hakimu Asikilize

Tarehe 15 Oktoba 2025, siku aliyofariki waziri mkuu wa zamani Raila Odinga, Rais William Ruto wa Kenya alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ukanda mzima wa Ziwa Victoria ulikuwa katika maombolezo, na si ajabu kwamba wengi hawakupata nafasi ya kuyasoma. Marekebisho hayo yanaipa kamati ya kitaifa, ambayo mwenyekiti wake ni katibu wa wizara anayehusika na usalama wa ndani, uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikithibitika kwamba inaendeleza shughuli haramu, ugaidi, picha chafu za watoto au itikadi kali za dini. Ithibitike mbele ya nani? Kifungu hakisemi, na hilo ndilo tatizo langu nacho.

Kufunga programu nzima si sawa na kuondoa chapisho moja. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kampuni za simu ziliagizwa kuzuia Telegram ili kukomesha uuzaji wa karatasi za mtihani. Walioumia ni pamoja na watu wasio na mtahiniwa wala karatasi. Hapa Ahero, Mto Nyando ukifurika, simu inayosambaza uvumi ndiyo hiyo hiyo inayomwonya mkulima wa mpunga ahamishe mifugo na watoto kabla maji hayajafika. Anayezima uvumi kwa kufunga programu amezima na onyo.

Watetezi wa sheria hutaja msitu wa Shakahola, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja ilifukuliwa. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017, na tena 2019. Sheria za kumshtaki zilikuwepo. Kilichokosekana ni ufuatiliaji. Hata picha chafu za watoto zilikuwa kosa tayari katika sheria ya 2018, na uchochezi wa kikabila, ambao watu wa mpakani mwa Kisumu na Kericho, kama wa Sondu, wana haki ya kuuogopa, unaadhibiwa na Sheria ya Utangamano ya 2008.

Wengine husema mahakama ni za polepole. Wiki moja tu baada ya marekebisho kutiwa saini, Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu vyake, vile vya unyanyasaji wa mtandaoni. Jaji akiweza kuizuia serikali ndani ya siku saba, ataweza kusikiliza ombi la kufunga ukurasa mmoja. Na maneno ya sheria yasiyo na mipaka ni hatari: mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa sababu mtu hangeweza kujua ni neno gani litamfikisha kizimbani. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa.

Wakazi wa Nyando, mwambieni mbunge wenu apeleke bungeni marekebisho ya maneno manne katika kifungu hicho cha kufunga tovuti: kwa amri ya mahakama.