Mgeni wa Chumba 2805

Katika makaburi ya Vestre gravlund, mjini Oslo, alizikwa mwaka 1996 mwanamke ambaye jina lake halijulikani hata leo. Kaburi lake halikutiwa jiwe wala ubao wenye maandishi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuandika. Mwanamke huyo hakufa njiani wala hakutupwa na bahari. Alifia juu ya kitanda cha hoteli ya Oslo Plaza, jengo la ghorofa 37, katika chumba namba 2805, huku mlango umefungwa kwa ndani.

Oslo ni mbali na visiwa vyetu, na mwaka 1995 alipofariki si wa jana. Lakini khabari yake imetembea. Gazeti la VG la huko Norwei liliifufua mwaka 2017, filamu ikaiingiza majumbani mwa watu mwaka 2020, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa mafumbo yanayofumbuliwa kila usiku na watu wasio polisi, wasio madaktari, wala wasiopata kukanyaga Norwei. Kila mmoja ana jawabu lake. Leo twataka kuyapima majawabu hayo. Na zaidi ya hayo twataka kuupima ubashiri wenyewe, tuone una faida gani na una hatari gani pale watu wa kawaida wanapojipa kazi ya upelelezi juu ya maiti ya mtu wasiyemjua.

Kwanza yaliyothibiti. Usiku wa tarehe 31 Mei, 1995, mwanamke alifika mapokezi ya hoteli hiyo akaandikwa kwa jina la Jennifer Fergate, na pamoja naye likaandikwa jina la mtu wa pili, Lois. Anwani aliyoitoa ilikuwa ya Verlaine, huko Ubelgiji. Verlaine ipo, mtaa alioutaja haupo. Hakutakiwa kuonyesha pasipoti, wala hakutakiwa dhamana ya malipo. Akapewa ufunguo wa ghorofa ya 28.

Katika siku zile chache alizokaa, kumbukumbu za kufuli la mlango zaonyesha kwamba aliondoka chumbani akawa nje karibu siku nzima. Hapana aliyejua alikuwa wapi. Siku ya Ijumaa aliagiza chakula chumbani, akampa bakshishi mhudumu aliyemletea. Jumamosi ya tarehe 3 Juni watu wa mapokezi wakatanabahi kwamba mgeni huyu hajalipa kitu, na mlinzi akatumwa kupanda juu. Ilikuwa kiasi cha saa mbili za usiku, ingawa kule mwezi wa Juni jua lilikuwa lingali angani. Mlinzi akabisha. Badala ya kuitikiwa, akasikia mlio wa risasi.

Hakuwa na silaha. Alishuka kutafuta msaada, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, na kwa muda wa kiasi cha robo saa hapakuwa na jicho lililoutazama mlango ule. Mkuu wa walinzi alipokuja na kuufungua, mwanamke alikuwa kitandani amekwisha kufa, na bastola iko mkononi mwake. Polisi walifikia uamuzi kwamba alijiua.

Robo saa hiyo ndiyo mama wa uvumi wote. Wapo wanaosema muuaji alikuwamo ndani, akatoka mlinzi alipokwisha kuondoka. Wengine wanatazama vitu vilivyokutwa chumbani, au tuseme vile visivyokutwa. Hapakuwa na pasipoti, hapakuwa na mswaki wala vitu vya kujipambia, na nguo zake zilikuwa zimekatwa lebo za kiwandani. Namba ya bastola ilikuwa imefutwa kwa ustadi. Ndani ya mkoba mlikuwa na risasi 25, idadi ambayo ni nyingi mno kwa mtu anayetaka kumaliza uhai wake peke yake. Kutokana na hayo wengi wamekata shauri: huyu alikuwa jasusi, au muuaji wa kukodiwa, naye akauawa na wenzake.

Hatusemi kwamba dhana hiyo ni upuuzi. Ni halali kushangazwa na risasi 25, na hata watu waliobobea katika kazi ya upelelezi wamekiri kwamba shauri hili lina mambo yasiyokaa sawa. Tunachosema ni kwamba mbashiri huruka ngazi mbili kwa hatua moja. Aliyekata lebo za nguo zake hakutaka kujulikana, hilo twalikubali. Lakini jasusi si mtu pekee asiyetaka kujulikana. Yupo anayekimbia mume, yupo anayekimbia deni, na yupo anayetaka kufa bila ya kuwaachia wazazi wake aibu ya khabari hiyo. Watu hupenda jasusi kwa sababu jasusi katika hadithi hana mama anayemngojea wala mwenye duka anayemdai. Kifo chake ni cha kusisimua, hakiumizi.

Wapenda ujasusi hukimbilia pia Bergen, mji mwingine wa Norwei, ambako mnamo Novemba 1970 mwili wa mwanamke ulikutwa umeungua katika bonde la Isdalen. Yeye pia alikuwa amelala katika hoteli mbalimbali kwa majina ya uongo, na nguo zake pia zilikuwa zimetolewa lebo. Basi mbashiri anafunga mafundo: wanawake wawili, nchi moja, hila moja. Asahau kwamba kati ya vifo hivyo ni karibu miaka 25, na kwamba hila ya kukata lebo haihitaji kufundishwa na idara yoyote, yatosha mkasi.

Tumelinganisha mambo hayo na khabari ya kule Australia, ambayo kwa kiasi imefikia mwisho. Tarehe 1 Desemba, 1948, maiti ya mwanamume ilikutwa katika ufuo wa Somerton, Adelaide, haina jina, na nguo zake hazina lebo. Kwa muda wa zaidi ya miaka 70 dunia nzima iliapa kwamba yule alikuwa jasusi wa zama za Vita Baridi. Mwaka 2022 Profesa Derek Abbott, akishirikiana na mtaalamu wa nasaba Colleen Fitzpatrick, alitangaza kwamba vinasaba vilivyotolewa katika nywele za marehemu vinaelekeza kwa Carl Webb, aliyezaliwa mwaka 1905 huko Footscray, Melbourne. Webb alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mtu aliyefarikiana na mkewe. Polisi hawajalithibitisha jina hilo rasmi. Lakini angalieni jasusi alivyoyeyuka, akabaki mtu mwenye ndugu, kazi, na ndoa iliyovunjika.

Na huyo Abbott si polisi. Ni mwalimu wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu, aliyeishughulikia khabari hiyo kwa hiari yake kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuwezi kujiunga na wale wanaosema raia wa kawaida akae kimya, mambo ya maiti yaachiwe Serikali. Huko Oslo kwenyewe ni mwandishi wa gazeti, Lars Christian Wegner, aliyeendelea kuuliza wakati wengine walikuwa wamekwisha kulifunga faili. Mwaka 2016 kaburi lilifukuliwa, vinasaba vikachukuliwa, na meno yakapimwa kwa njia ya kaboni. Vipimo vikaonyesha kwamba mwanamke yule alizaliwa yapata mwaka 1971. Maana yake, alipofariki alikuwa kijana wa kiasi cha miaka 24. Hiyo ni faida kubwa. Mama anayemtafuta binti wa miaka 24 hawezi kumtambua katika tangazo linalozungumza juu ya mtu mzima zaidi.

Hapo ndipo tunapouona mpaka. Abbott na Wegner waliuliza: huyu ni nani? Wengi wa wapelelezi wa barazani huuliza: nani kamuua? Swali la kwanza halimdhuru mtu yeyote aliye hai. La pili hutafuta shingo ya kutia kamba, na lisipoipata ya kweli hutwaa iliyo karibu.

Waulizeni watu wa Los Angeles. Mwishoni mwa Januari 2013, mwanafunzi wa kike wa miaka 21, mwenyeji wa Kanada, alitoweka akiwa mgeni wa hoteli ya Cecil katikati ya mji huo. Katika kumtafuta, polisi walitoa hadharani picha zilizonaswa ndani ya lifti, akionekana kuingia na kutoka, kujibanza pembeni, na kupunga mikono kama anayezungumza na mtu. Mamilioni ya watu walizitazama. Tarehe 19 Februari, baada ya wageni kulalamika kwamba maji ya mabomba yana ladha mbaya na hayana nguvu, fundi wa hoteli alipanda juu ya paa akaikuta maiti yake ndani ya tangi la maji.

Hapo kila mtu akawa daktari, na kila mtu akawa hakimu. Wengine walisema picha zimekatwa, wengine wakataja mashetani. Kisha wakamwona mwanamuziki mmoja wa Meksiko, anayeimba nyimbo za kutisha na kujipaka rangi usoni, ambaye alikuwa amelala katika hoteli ile ile na kujipiga picha humo. Hawakuhitaji zaidi. Walimwandama kwa matusi na vitisho vya kumuua. Mtu yule alikuwa amelala Cecil mwaka mmoja kabla. Binti yule alipokufa, yeye alikuwa kwao Meksiko. Katika filamu iliyotolewa mwaka 2021 alieleza jinsi maisha yake yalivyoharibika, na hapana mmoja katika waliomtuhumu aliyepanda kizimbani kujibu.

Mchunguzi wa vifo alitoa taarifa yake mnamo Juni 2013: binti alizama kwa bahati mbaya, na maradhi ya akili aliyokuwa nayo yalichangia. Taarifa hiyo haikuwaridhisha wabashiri, na hapa lazima tuseme haki. Hapo mwanzo ilielezwa kwamba mfuniko wa tangi ulikuwa umefungwa. Watu wakauliza, na waliuliza sawasawa: aliyezama ndani ataufungaje kwa juu? Fundi aliyeikuta maiti alieleza katika ushahidi wake kwamba aliukuta wazi. Neno moja lililosemwa bila ya kuhakikishwa, likachelewa kusahihishwa, lilizaa uvumi ambao ungali unaishi. Twawaomba wakuu wa idara zetu walitafakari jambo hili. Mara nyingi tunasikia wananchi wakilaumiwa kwa kueneza uvumi. Ni mara chache kusikia ofisi iliyokaa kimya majuma matatu ikiulizwa ilitaraji watu waseme nini katika muda huo.

Turudi Oslo, katika meza ya mapokezi, kwani twaona kwamba fumbo lote lilianzia pale. Watu wamejadili mlango, risasi, na robo saa ya mlinzi. Ni wachache wanaojadili dakika zile mgeni aliposimama mbele ya karani. Lau angetakiwa pasipoti siku ile, ama angelionyesha jina la kweli, ama angelionyesha ya bandia, na hata ya bandia ina picha, ina namba, na ina mahali ilipotengenezwa. Hoteli ya fahari ilimwamini mgeni kwa uso wake na namna yake ya kusema, ikamwandika kama alivyotaka kuandikwa.

Sisi wa visiwani twaishi kwa wageni. Wanalala Mji Mkongwe, wanalala Nungwi na Paje, na siku hizi chumba hukodiwa hata katika nyumba ya mtu binafsi. Kuandika jina la mgeni na namba ya pasipoti yake ni kazi inayochosha, hasa usiku wakati ndege imechelewa na watu wamesimama na mizigo; nasi twafahamu vishawishi vya kusema tutaandika asubuhi. Wanaokagua madaftari hayo wayakague kwa kuyasoma, si kwa kuhesabu kurasa zilizojaa.

Wala hatuhitaji kufunzwa na Norwei maana ya orodha isiyo kamili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi chake, na orodha ya abiria haikuweza kueleza ni nani waliokuwamo. Maiti zilipelekwa Maisara, watu wakapita wakitazama nyuso. Walioshindwa kutambuliwa walizikwa na Serikali. Zimo nyumba Unguja na Pemba ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuzuru.

Vinasaba vya mgeni wa chumba 2805 vimehifadhiwa. Ikiwa ni kweli kwamba alizaliwa mwaka 1971, yamkini wazazi wake wangali hai, na yamkini katika mji fulani wa Ulaya ipo picha ya binti imetundikwa ukutani, na wenye nyumba wanaamini kwamba alikwenda mbali akakataa kuandika barua.