Hoja ya kukopa neno ‘sandik’ kutoka Kisomali

Jina la ugonjwa lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuutenga ugonjwa huo na mwingine ili daktari na mtafiti wasije wakachanganyikiwa. Ya pili, ambayo aghalabu husahaulika, ni kumtahadharisha mtu wa kawaida: limwambie atazame nini, na akikiona ajihadhari vipi. Leo, msomaji mpendwa, nataka tulipime kwa mizani hiyo jina moja lililozoeleka katika magazeti na redio zetu, yaani ‘homa ya Bonde la Ufa’. Na tulipimie Garissa, maana huko ndiko ugonjwa wenyewe umeua watu wengi, tena zaidi ya mara moja.

Jina hilo tumelitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza. Mwaka 1931, watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya maradhi yaliyokuwa yakiangamiza kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Kwa kuwa Naivasha imo katika Bonde la Ufa, ugonjwa ukabatizwa jina la mahali ulipoonekana. Kisayansi hapakuwa na kosa. Tatizo ni kwamba jina lilibaki palepale ilhali ugonjwa ulisafiri.

Garissa haimo katika Bonde la Ufa. Iko ukingoni mwa Mto Tana, mamia ya kilomita mashariki ya Naivasha, katika nchi tambarare inayotelemka polepole kuelekea Bahari Hindi. Mfugaji wa Masalani au Hulugho akisikia redioni kwamba homa ya Bonde la Ufa inakuja, ana kila sababu ya kudhani kwamba hiyo ni habari ya watu wa Naivasha na Nakuru. Isitoshe, neno ‘homa’ lenyewe limechakaa. Kwa Mkenya wa leo, mtu mwenye mafua ana homa, mwenye malaria ana homa, na aliyenyeshewa jana akaamka akipiga chafya pia ana homa. Hivyo basi, katika jina zima la Kiswahili, sehemu moja inaelekeza mahali kwingine na sehemu nyingine haitishi mtu.

Sasa mgeukie mfugaji wa Kisomali. Yeye ana neno moja tu: sandik. Ndani yake mna ‘san’, yaani pua, na ‘dhiig’, yaani damu. Ni ugonjwa wa damu puani. Hakuna bonde wala ziwa humo. Kilichomo ni dalili ambayo mchungaji huiona kwa macho yake mnyama anapoumwa.

Neno hili halikubuniwa na maabara yoyote, lakini watafiti wamelichukulia kwa uzito. Christine Jost, aliyekuwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na wenzake waliwahoji wafugaji wa Kaskazini Mashariki baada ya mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, na matokeo yakachapishwa 2010. Waligundua kwamba Wasomali hawakuwa na jina tu, bali walikuwa na mfululizo mzima wa ishara: mvua kubwa isiyo ya kawaida, mafuriko, mbu wengi kupindukia, kisha mifugo kutupa mimba, na hatimaye watu kuugua. Walikwisha kuusoma mfululizo huo kabla wahudumu wa mifugo na wa afya hawajafika.

Je, mfululizo huo unasimama mbele ya sayansi? Unasimama, tena kila ishara ina tawi lake la elimu linaloifafanua.

Tuanze na mvua, ambayo ni habari ya fizikia. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho halioni. Setilaiti ikiipima mionzi inayopanda kutoka baharini, inaweza kukadiria joto la maji bila mtu kutia hata kidole. Pasifiki ikipata joto la El Niño, na wakati huohuo magharibi ya Bahari Hindi ikawa na joto kupita kiasi, Pembe ya Afrika hunyeshewa mno. Baada ya hapo setilaiti hutazama majani. Jani bichi humeza mwanga mwekundu kwa sababu ya klorofili, lakini huirudisha juu mionzi iliyo jirani ya mwanga huo, ile ya infraredi. Ukilinganisha kilichomezwa na kilichorudishwa, unapata kipimo cha ukijani wa ardhi. Pale ambapo nyika kavu imegeuka kijani kuliko kawaida yake kwa muda mrefu, ujue maji yametuama.

Kwa njia hiyo, Assaf Anyamba wa NASA, Kenneth Linthicum na wenzao walichora ramani ya hatari mwaka 2006 kabla ya mlipuko kutokea. Onyo lao lilitangulia ugonjwa kwa kati ya wiki mbili na sita. Lilikuwa onyo la kwanza la aina yake kutolewa kabla ya tukio na likatimia.

Na mbu je? Hapa biolojia inashika usukani. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa vidimbwi vinavyojaa maji msimu wa mvua. Mvua ikikatika na kidimbwi kikakauka, mayai hayafi. Hulala humo ardhini hata miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Mwaka 1985 Linthicum na wenzake walitangaza jambo la ajabu kutoka Kenya: waliokota viluwiluwi vya mbu katika vidimbwi, wakavilea mpaka vikawa mbu kamili, na baadhi ya mbu hao, ambao hawakuwa wamemuuma mnyama yeyote, walikutwa na virusi. Maana yake ni kwamba mama alikwisha kuvitia katika yai. Ndiyo sababu ugonjwa unaweza kutoweka miaka mingi kisha ukaibuka ghafla, bila kuletwa na mgeni. Ulikuwa umelala chini ya miguu ya mifugo.

Mbu hao wakiwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, virusi huzaana katika damu ya wanyama. Mbu wa aina nyingine, kama wale wa Culex, nao huja kusambaza. Binadamu hupata kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu: anapochinja, anapochuna ngozi, anapomsaidia kondoo anayetupa mimba.

Mwisho ni damu yenyewe, nayo ni kazi ya kemia na biolojia ya molekuli. Taarifa za urithi za virusi hivi zimeandikwa katika uzi wa RNA uliogawanyika vipande vitatu: kirefu, cha kati na kifupi. Mtaalamu anapopokea damu ya mgonjwa, kwanza hutumia kimeng'enya kinachoigeuza RNA kuwa DNA. Kisha huipasha joto na kuipoza, tena na tena, huku kimeng'enya kingine kikinakili kipande kilekile. Kila duru huongeza nakala maradufu. Baada ya duru 30, nakala moja inaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Kisichoonekana kikaonekana. Njia ya pili ni kutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umeziunda dhidi ya virusi. Hizo hufichuliwa kwa kemikali inayobadilika rangi.

Katikati ya Desemba 2006, taarifa za vifo vya watu waliokuwa na joto jingi mwilini na kutokwa na damu zilifika Wizara ya Afya kutoka Garissa. Kufikia tarehe 20 mwezi huo, watu 11 walikuwa wamekufa. Damu ya wagonjwa 19 wa kwanza ilipopimwa, 10 kati yao walikutwa na RNA ya virusi hivyo au kingamwili zake. Mwisho wa mwezi ilikuwa Idd ya kuchinja. Fikiria uzito wake: sikukuu ya kuchinja, katika mji wenye mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na ugonjwa unaoambukizwa kwa damu ya mnyama. Kufikia Machi 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997, ugonjwa huohuo ulipiga hapohapo. Uchunguzi wa kingamwili uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 27,500 katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa pekee walikuwa wameambukizwa. Wengi wao hawakuugua sana, lakini waliotokwa na damu walikufa kwa wingi.

Hapa huenda msomaji akanipinga, na ana haki. Atasema: mwanaisimu wewe, jina linalotokana na dalili ni hatari, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa ya maradhi mawili. Kweli kabisa, na ushahidi unatoka Garissa. Katika mlipuko wa 1997 na 1998, baadhi ya wagonjwa waliotokwa na damu hawakuwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Walikuwa na virusi vingine, ambavyo watafiti walivipa jina la Garissa. Vilipochunguzwa vipande vyake vitatu, kirefu na kifupi vilikuwa vya virusi vya Bunyamwera, vilivyotambuliwa Uganda miaka ya 1940, ilhali cha kati kilikuwa cha ukoo mwingine. Virusi viwili vilikutana ndani ya kiumbe kimoja vikabadilishana vipande. Baadaye ikabainika kwamba hata jina la Garissa halikuhitajika, kwani virusi hivyo vilikwisha kupatikana kwa mbu wa Senegal, navyo vilikuwa vikiitwa Ngari.

Tazama basi tulivyofika. Mchungaji kwa macho yake asingeweza kuvitenga virusi vya Ngari na vile vya Naivasha. Maabara ndiyo iliyoweza. Lakini maabara nayo haikuwapo malishoni siku kondoo wa kwanza alipotokwa na damu puani. Jina la maabara na jina la mchungaji hayashindani. Moja hujibu swali ‘ni nini hasa?’ na jingine hujibu swali ‘nijihadhari lini?’

Kiswahili kimebeba lile la kwanza pekee, tena kupitia tafsiri. Pendekezo langu ni kwamba tulikope na hili la pili. Kimatamshi halina ugumu: sandik ikiongezewa irabu mwishoni, kama tulivyofanya kwa benki na ofisi, inakuwa sandiki. Kisarufi ikae katika ngeli ya I-ZI pamoja na surua na malaria: sandiki imeingia, jihadhari na sandiki. Katika vitabu vya tiba homa ya Bonde la Ufa ibaki, kama vile kolera ilivyobaki kando ya kipindupindu. Lakini katika tangazo la redio, bango la kichinjioni na mazungumzo ya afisa wa mifugo, sandiki itangulie.

Wanaodhani kwamba neno la wafugaji halifai sayansi nawakumbusha mambo mawili. Chikungunya, neno linaloandikwa katika majarida ya utabibu kote duniani, ni la Kimakonde. Lilichukuliwa kutoka kwa wagonjwa wa kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa 1952 na 1953, nalo linaeleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu. O'nyong'nyong, iliyozuka Uganda mwaka 1959, ina jina la Kiacholi. Dunia ilikopa, na sayansi haikuharibika. Isitoshe, tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali.

Vifaa vya kuieleza sayansi hii tunavyo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, matawi matatu ndani ya jalada moja, yaleyale yaliyokutana kwenye damu ya wagonjwa wa Garissa. Bado tuna mabishano yetu, kama lile la iwapo virusi kimoja kiitwe kirusi, tusije tukadhaniwa tunazungumzia lugha ya Moscow. Lakini hayo ni mabishano ya watu walio na mtaji.

Kilichokosekana ni kiungo kati ya istilahi ya juu na neno la malishoni. Setilaiti itaona bahari ikipata joto, na vidimbwi vya Ijara na Fafi vitajaa tena. Binadamu bado hana chanjo ya ugonjwa huu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo kinga yake kubwa ni kuonywa mapema na kuelewa anachoonywa. Atakayeandika onyo hilo kwa Kiswahili aandike pia ‘sandiki’, ili mwenye mifugo ajue kwamba anayeambiwa ni yeye.